Mbacha na Msala: Lini Tupandishe Toleo la Programu kwenye Kompyuta Kuukuu?

Majuma matatu yaliyopita idara yetu ilikaa kikao kilichokusudiwa kuchukua nusu saa, nacho kikachukua saa tatu. Ajenda ilikuwa moja tu: kompyuta 18 za maabara ya wanafunzi, zilizonunuliwa mwaka 2016, zote zikiendeshwa na Windows 10. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft imeacha kutoa viraka vya bure vya usalama kwa mfumo huo, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango maalumu wa nyongeza. Toleo linalofuata, Windows 11, linakataa kuingia kwenye kompyuta zetu kwa njia ya kawaida, kwa kuwa prosesa zake ni za kizazi kisichokubaliwa na mtengenezaji.

Wajumbe waligawanyika. Kundi la kwanza lilisema mashine zinafanya kazi, wanafunzi hawajalalamika, basi ziachwe kama zilivyo. Kundi la pili lilitaka zote ziingizwe katika orodha ya vifaa chakavu na idara iombe fedha za kununua mpya. Mimi ni mwalimu wa historia, si mtaalamu wa kompyuta. Lakini nilibisha pande zote mbili, na katika vikao vyetu anayebisha pande zote mbili hupewa adhabu ya kuandika waraka. Waraka nimekwisha kuuwasilisha. Makala haya ni yale ambayo hayakutoshea ndani yake.

Wahenga wetu walituachia semi mbili zinazogombana juu ya jambo hili. Ya kwanza yasema usiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kundi la kwanza la kikao chetu lilijificha nyuma ya mbacha, la pili likapiga kelele za ufa. Lakini historia ya kompyuta, hasa hapa kwetu, inaonyesha kwamba kuziba ufa na kubadili mkeka ni kazi mbili tofauti, na hasara nyingi zimetokana na watu kuzichanganya.

Niruhusuni, ndugu wasomaji, nianzie mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali hiyo hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wanafunzi wangu husikia habari hii na kucheka, wakidhani ni kisa cha watu walioogopa maendeleo. Si hivyo. Hesabu za Serikali zilikuwa zimehamishiwa kwenye mashine, mradi ukaharibika, fedha za kigeni zikawa zimetumika, na utaalamu wa kuziendesha ulikuwa mikononi mwa wageni. Kumbukeni pia kwamba tulikuwa ndani ya mgogoro wa mafuta ulioanza mwaka 1973, na kila dola ilikuwa na watu kumi wanaoisubiri. Marufuku ile ilikuwa dawa kali kupita ugonjwa, nami naihesabu kuwa kosa. Ilitupotezea miaka ambayo vijana wetu wangejifunza. Lakini swali lililoizaa lilikuwa swali halali: nani anaamua tubadili mitambo, kwa kasi ya nani, na kwa gharama ya nani? Zuio lilipolegea kadiri kompyuta ndogo za mezani zilivyoanza kuingia katika miaka ya 1980, mashine zilirudi. Swali halikurudi nazo.

Turuke hadi tarehe 25 Oktoba 2001, siku Windows XP ilipoingia sokoni. Mfumo huu ndio uliowafundisha kompyuta watu wengi wa rika langu. Ulidumu. Microsoft iliendelea kuutunza hadi tarehe 8 Aprili 2014, zaidi ya miaka kumi na miwili, umri ambao kwa programu ni uzee wa Nabii Nuhu. Mwaka 2004 ulitolewa mkusanyiko mkubwa wa viraka kwa ajili yake, ule ulioitwa Service Pack 2, uliowasha ukuta wa ulinzi wa kompyuta kwa chaguo la msingi. Faili lake kamili lilikuwa na zaidi ya megabaiti 260.

Hapa ndipo historia yao na yetu zilipoachana njia. Kwa mtu wa Ulaya mwenye mtandao wa kasi, megabaiti 260 zilikuwa kazi ya jioni moja. Kwetu, kabla ya kebo ya SEACOM kutua Dar es Salaam mwezi Julai 2009, intaneti ilipita kwa setilaiti au kwa waya wa simu. Kwa kasi ya kilobaiti tano kwa sekunde, ambayo ndiyo tuliyoijua kwa simu ya mezani, faili lile lingehitaji karibu saa kumi na tano bila kukatika. Nani alikuwa na laini isiyokatika kwa saa kumi na tano, na nani angelipa bili yake? Mfumo mzima wa kusasisha programu ulibuniwa kwa kudhani kwamba kila kompyuta iko mtandaoni muda wote na kwamba muda huo ni bure. Dhana hiyo haikutuhusu. Kwa hiyo tulijifunza kuzima usasishaji, na tuliuzima kwa sababu za akili timamu.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja hadharani. Nakala nyingi za XP mitaani na maofisini hazikuwa na leseni. Kuanzia mwaka 2005 Microsoft ilianza kukagua uhalali wa nakala kabla ya kumruhusu mtu kupakua baadhi ya vitu, na mafundi wetu wakatoa agizo moja: zima kila kitu, usikamatwe. Kinaya ni kwamba viraka muhimu vya usalama viliendelea kutolewa kwa njia ya kujisasisha hata kwa nakala zisizo halali. Hofu ilitunyima kitu ambacho hakuna aliyetunyima.

Nifike sasa kwenye kisa kilichonifanya nibishe katika kikao.

Mwaka 2006 nilikuwa mhadhiri msaidizi kijana, katika taasisi ambayo sitaitaja. Katika ofisi ya pili kutoka ngazi alikaa mzee mmoja, profesa aliyekaribia kustaafu, ambaye sote tulimwamkia kwa kuinama kidogo ingawa hakutaka. Kwa miaka mingi alikuwa amewahoji wazee walioshiriki mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947, ule uliosambaa kwa njia ya reli hadi bara. Kanda za sauti zilikuwa zimeharibika zamani kwa unyevu. Kilichobaki ni maandishi ya mahojiano 38, aliyoyachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, katika programu ya WordPerfect 5.1 iliyoendeshwa kwenye DOS: kioo cha buluu, herufi nyeupe, bila kipanya. Kompyuta yake ilikuwa na Windows 98 na kumbukumbu ya megabaiti 128. Ilikuwa polepole, lakini kwa kazi ile ilikuwa inatosha kabisa.

Akaenda likizo. Likaja agizo kutoka juu kwamba kompyuta zote ziwekewe XP ili zifanane. Kijana fundi, mwenye bidii na adabu, alipita ofisi hadi ofisi na kisahani kimoja mfukoni. Alipofika kwenye mashine ya mzee alifanya alichofanya kwenye nyingine zote: aliifuta diski na kuanza upya. Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba halikuwa la lazima. XP iliweza kusimikwa juu ya Windows 98 bila kugusa mafaili ya mwenye kompyuta. Lakini kufuta ni haraka zaidi, na fundi alikuwa na ofisi kumi na mbili za kumaliza kabla ya Ijumaa.

Mzee aliporudi aliwasha mashine, akaona kile kilima cha kijani na mawingu, akasubiri. Alisubiri sana, kwa sababu megabaiti 128 zilikuwa ndicho kiwango kilichopendekezwa XP ilipozaliwa, kabla ya mikusanyiko ya viraka na programu ya kuzuia virusi havijaongezwa juu yake. Mashine iliyokuwa nyepesi sasa ilitambaa. Kisha akatafuta folda yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri kumsalimu. Hakugomba, wala hakuniuliza mafaili yamekwenda wapi. Aliuliza, "Nani aliamua?" Hakuna aliyejua. Mkuu wa idara alisema ni agizo la utawala. Utawala ukasema ni ushauri wa kitengo cha kompyuta. Kitengo kikasema idara ndiyo iliyoomba.

Alikuwa na disketi sita ndani ya kopo la biskuti, nakala alizozitoa mwaka 1999. Alijaribu kuzifungua kwenye mashine mpya. Word ikamletea mistari ya alama zisizosomeka, kwa sababu hakuna aliyesimika kigeuzi cha faili za zamani. Akalifunga kopo, akastaafu mwaka uliofuata. Nitarudi kwenye kopo hilo.

Kisa hiki ni upande wa mbacha. Aliyekisikia peke yake angeapa kutogusa kompyuta inayofanya kazi. Tena mwezi Januari 2007 likaja Windows Vista kuthibitisha hofu hiyo: kompyuta nyingi zilibandikwa lebo ya kwamba zinaiweza, kumbe ziliweza tu toleo lake la chini kabisa, na huko Marekani wanunuzi walikwenda mahakamani kwa sababu ya lebo hizo. Maofisi mengi duniani yaliirukia mbali Vista na kung'ang'ania XP hadi Windows 7 ilipotoka mwezi Oktoba 2009. Walisubiri, na kusubiri kwao kulikuwa na busara.

Ila sasa tazameni upande wa ufa. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura nje ya ratiba yake ya kawaida. Mwezi uliofuata akatokea mnyoo wa kompyuta aliyeitwa Conficker, aliyepita katika tundu lile lile ambalo kiraka kiliziba. Baadaye akajifunza kusafiri kwa flashi. Hadi mtandao wa ndani wa jeshi la majini la Ufaransa ulivamiwa. Kwetu hapa flashi ndiyo iliyokuwa mtandao: ilitoka kwa mwanafunzi ikaenda duka la kuchapisha, ikarudi maabara, ikaenda ofisini kwa mhadhiri. Mtu aliyezima usasishaji ili kuokoa fedha za intaneti alijikuta anamlipa fundi kila mwezi kusafisha virusi, na mara nyingi usafi wenyewe ulikuwa ule ule wa kufuta diski. Hivyo hasara aliyoikwepa kwa mlango wa mbele ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Halafu likaja tukio ambalo kila mtumishi wa umma anayeshughulikia bajeti ya vifaa angepaswa kulijua. Mwaka 2014, XP ilipofikia mwisho wa matunzo yake, serikali ya Uingereza ililipa takribani pauni milioni 5.5 ili taasisi zake za umma ziendelee kupewa viraka kwa mwaka mmoja zaidi. Muda ulipokwisha mwaka 2015 mkataba huo wa jumla haukuhuishwa. Tarehe 12 Mei 2017, siku ya Ijumaa, programu ya kudai kikombozi iliyoitwa WannaCry ilisambaa duniani. Europol ilihesabu zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Uingereza hospitali zilipigwa vibaya. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo iliripoti kwamba mashirika 81 kati ya 236 ya huduma za hospitali yaliathirika. Maelfu ya miadi ya wagonjwa yaliahirishwa, upasuaji ukiwamo.

Magazeti yalipiga kelele: XP, XP, XP! Hata wasomi wenzangu wanasimulia hivyo hadi leo. Ukweli una ladha nyingine. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unatunzwa, na kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Hawakuponzwa na uzee wa mfumo wao. Waliponzwa na kiraka kilichokuwa mlangoni nao hawakukipokea. Kwa upande mwingine, Microsoft ilitoa kiraka cha XP kwa watu wote mara tu baada ya shambulio, ingawa ilikuwa imeshautupa mfumo huo miaka mitatu nyuma.

Ndiyo maana siku ya kikao nilisisitiza tutenganishe maneno, na nawaomba radhi wenzangu kwa ukali wangu. Kusasisha ni kuziba nyufa ndani ya toleo ulilo nalo. Kupandisha toleo ni kuhama nyumba. Kompyuta kuukuu yenye mfumo wa zamani unaotunzwa na uliozibwa nyufa iko salama kuliko kompyuta mpya ambayo mwenyewe anabofya "nikumbushe kesho" kila asubuhi. Kwa hiyo jibu la swali la kusasisha karibu siku zote ni "mapema". Jibu la swali la kuhama ni jingine, nalo linategemea mambo ambayo fundi hawezi kuyajua bila kukuuliza.

Nimesema "karibu siku zote" kwa makusudi. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilianza kusambaza toleo la Windows 10 lililopewa namba 1809. Ndani ya siku chache wakalisimamisha: baadhi ya watu walikuta mafaili yao yamefutwa, yale waliyoyaweka mwenyewe kwenye folda zao. Lilirudishwa mwezi Novemba likiwa limerekebishwa. Waliongoja majuma sita hawakupoteza kitu. Waliokimbilia siku ya kwanza walikuwa, bila kujua, wafanya majaribio wa kampuni. Na tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro, lililotumwa na kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike kwa wateja wake wote kwa wakati mmoja, liliangusha mashine zipatazo milioni 8.5 za Windows na kuzuia ndege kuruka katika viwanja vingi. Hapo hakuna aliyechelewa wala aliyepuuza. Walipokea wote kwa pamoja, wakaanguka wote kwa pamoja.

Turudi maabara. Katika kuandaa waraka nilizikagua kompyuta zetu moja moja kwa msaada wa mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza, ambaye anajua mambo haya kuliko mimi na wajumbe wote wa kikao kwa pamoja. Zina kumbukumbu ya gigabaiti nne, prosesa za kizazi cha sita, diski za kuzunguka. Windows 11 inataka, pamoja na mambo mengine, kichipu cha usalama cha TPM toleo la 2.0 na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni ya kizazi cha nane au zaidi. Ziko njia za kuizunguka milango hiyo, na vijana wanazijua, lakini mtengenezaji haahidi kuendelea kuzipa viraka mashine zilizoingia kwa dirishani. Kujenga maabara ya umma juu ya ahadi isiyokuwapo ni kurudi kule kule kwenye XP za mifukoni.

Inafaa kukumbuka kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Windows 7 ya mwaka 2009 ilihitaji gigabaiti moja ya kumbukumbu, na Windows 10 ya mwaka 2015 haikuongeza chochote juu ya hiyo. Ndiyo sababu kompyuta za watu wengi zilivuka salama, tena bure katika mwaka wa kwanza. Mwaka 2021 ndipo mlango ulipofungwa, na ulifungwa kwa mashine ambazo baadhi yake zilikuwa na umri wa miaka minne au mitano tu. Microsoft inasema ni kwa ajili ya usalama, na hoja yao ina uzito. Lakini anayefaidika na kompyuta kuuzwa upya akituambia kwamba ya zamani haifai, tuna haki ya kuuliza mara mbili.

Kisha tuligundua jambo ambalo hakuna mjumbe aliyelitaja kwa saa tatu. Mpango wa nyongeza ya viraka vya Windows 10 unauzwa kwa mashirika ya kawaida kwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei hujirudia mara mbili kila mwaka kwa miaka mitatu. Kwa taasisi za elimu zenye mkataba unaostahili, bei ni dola moja mwaka wa kwanza, mbili wa pili, nne wa tatu. Kwa kompyuta 18 hizo ni dola 126 kwa miaka yote mitatu. Bajeti ya viburudisho vya vikao vya kujadili jambo hili ingeweza kuifikia.

Nilikimbilia ofisi ya katibu muhtasi wetu kuomba hati za leseni. "Daktari," akaniambia kwa upole, "unataka hati za mwaka 2016?" Tulifungua makabati mawili. Tukapata hati ya kiyoyozi, hati ya mashine ya kudurufu ambayo iliibwa mwaka 2019, na risiti za kompyuta zenyewe. Leseni za kompyuta saba tulizipata. Za kumi na moja hatukuzipata. Daftari la mali limeandika meza, viti, vioo na prosesa, kila kimoja na namba yake ya rangi nyeupe. Programu haikuandikwa popote. Kwa macho ya mkaguzi wetu, kitu kisichobandikwa namba hakipo, na kisichokuwapo hakina tarehe ya kufa.

Kuna njia ya tatu, nayo si ngeni katika vyuo vyetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Watu wengi waliipongeza na wachache wakaitumia, kwa sababu waajiri na walimu waliendelea kudai faili za Word. Lakini mbegu ilipandwa. Mwanafunzi wangu alichukua kompyuta moja ya maabara, akaisimika Linux Mint pamoja na LibreOffice, ambayo ni mjukuu wa OpenOffice, akaiweka katika ofisi ya katibu muhtasi kwa mwezi mzima. Hatukuanza na kumi na nane. Tulianza na moja, tena mbele ya mtu atakayelalamika kwa haki. Alilalamika mara mbili: printa ilichukua siku mbili kukubali, na jedwali moja la ratiba ya mitihani lilipoteza mipaka yake lilipotumwa kwa ofisi nyingine. Mengine yote yalikwenda. Mashine inawaka kwa kasi kuliko ilivyokuwa, na viraka vyake ni bure.

Hivyo waraka wangu umependekeza hivi: kompyuta saba zenye leseni zinunuliwe viraka vya nyongeza, kwa kuwa programu ya takwimu wanayoitumia wanafunzi wa uzamili haifanyi kazi kwenye Linux, tisa zihamishiwe Linux wakati wa likizo, mbili mbili, si zote kwa siku moja, na mbili zibaki kama zilivyo lakini zikatwe kabisa kutoka kwenye mtandao, kwa ajili ya kusomea vifaa vya zamani. Kila mwenye faili kwenye mashine hizo apewe majuma mawili ya kutoa nakala rudufu, na nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine mbele yake kabla diski haijaguswa. Na jina la atakayeamua liandikwe juu ya karatasi. Si jina la kamati; jina la mtu, pamoja na sahihi. Kipengele hicho ndicho kilicholeta manung'uniko makubwa kuliko dola zote.

Kuhusu kopo la biskuti. Mzee alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mwaka jana binti yake, aliyekuwa akipanga vitu vya nyumba, alinipigia simu kuuliza kama chuo kinahitaji "visahani vya baba". Nilikwenda nikalichukua. Katika siku zile za kuijaribu ile kompyuta ya katibu muhtasi, mwanafunzi wangu aliazima kisomea disketi cha kuchomeka kwa waya wa USB, na tukazitia moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa na ukungu, hazikusomeka kabisa. Nne zilisomeka. LibreOffice ilizifungua faili za WordPerfect bila kuuliza chochote, kana kwamba zimechapwa jana, na makosa ya kuchapa ya kidole kimoja yakiwa palepale.

Kati ya mahojiano 38 tuna 26. Waliohojiwa wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo kumi na mawili yaliyobaki hayatarudiwa na mtu. Nimeyahifadhi yaliyopo katika muundo wa maandishi matupu, ambao hauhitaji programu ya mtu yeyote, kwenye diski mbili; moja iko maktaba, nyingine nimempelekea binti yake. Kikao cha idara kitaketi tena Jumanne.